Ndoo ya Kitambaa Cheusi

Jumamosi, 20 Julai 2024

Haya, leo umeikumbuka njia! Tangu mfungo wa Ramadhani daftari liko chini ya godoro, kunguni ndio wanaolisoma. Mwenye kuandika humu ni wewe Tunu, mwenye kusoma ni wewe Tunu. Sasa ulikuwa unamkimbia nani? Shule hukupelekwa. Herufi umezipata ukubwani, moja moja, kwa kusoma majina ya watu kwenye vifuniko vya ndoo za asali, marehemu mumeo Mabruki kakushika mkono kama mtoto anayefunzwa kula. Halafu unazitupa miezi minne. Huna adabu.

Basi. Nimejigombeza, nimemaliza.

Nilichokuwa nakikimbia nakijua. Sikutaka kuliandika neno hili: ulimi wangu umekufa. Si wa kusemea – huo utakufa nikishazikwa. Wa kuonjea. Ulianza kufifia kwenye mfungo, nikafikiri ni njaa. Mfungo ukaisha, ladha haikurudi.

Mwezi wa sita Mzee Sayi, mvunaji wangu, alileta ndoo ya asali kutoka msituni. Akaifungua, akaniwekea, akangoja, kama tulivyofanya miaka thelathini: nionje mimi kwanza, nitaje mti ambao nyuki walikula maua yake, yeye acheke, ndipo tuongee biashara. Nikaonja. Utamu tu. Kama sukari ya dukani. Nikabahatisha – mtundu. Sayi kakifuta kijiko, akasema naam, mtundu. Alipoondoka nikampelekea rafiki yangu Fakhria kijiko. Fakhria kasema mbona hii ni ya muyombo, Tunu, una nini leo?

Sayi amenistiri. Kustiriwa kunauma kuliko kuchekwa.

Daktari wa hospitali ya Kitete anasema ni umri, na labda dawa za presha. Kasema nishukuru naona. Nikamwambia mimi siuzi macho.

Nyumba hii asali haichanganywi. Ya Sayi ni ya Sayi, ya mwingine ni ya mwingine, kila ndoo na jina la aliyevuna. Mteja wangu haanzi na bei. Anaanza na: ya nani? Ukichanganya asali za watu wawili umewavunjia heshima wote wawili, na ikiharibika hujui umwendee nani. Lakini asiyejua kuonja atatenganisha nini? Jina langu lote liko kwenye huu ulimi. Na mtu wa kumwachia ni mmoja tu, Najiat, mtoto wa marehemu mwanangu Asmahani. Nimemlea mimi. Ana miaka sita huyo nilikuwa namfunga macho kwa mtandio, namwekea kidole cha asali mdomoni, anataja mti na anataja mvunaji.

Sasa yuko chuo kikuu Dodoma, mwaka wa tatu. Na leo kapiga simu! Wana somo la ujasiriamali. Wametakiwa wafanye biashara kweli, waionyeshe kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Ipuli, mwalimu wao aje awape maksi. Anakuja na wenzake wawili. Anataka asali yangu.

Nilikata simu nikacheza peke yangu jikoni. Mungu anisamehe magoti.

Jumatano, 24 Julai

Wamefika. Najiat amekonda, nywele kazifunga kwa rangi rangi. Nikamwambia mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya mume na huyo mume kafa zamani. Akacheka lile cheko lake la mama yake. Nikaingia ndani kujifuta uso.

Wenzake: Apolinaria, mtoto wa Kasulu, mrefu, ananipa shikamoo kwa magoti yote mawili mpaka namwambia inuka utachafua sketi. Na Humaidi, wa hapa hapa mjini, yule mtoto wa ndugu yake Fakhria, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi. Kaja na gari la baba. Kavaa miwani ya jua sebuleni kwangu.

Nimewapikia ugali wa muhogo na uyoga wa kukausha. Apolinaria kala kama mtu. Humaidi kapiga picha chakula kabla ya kukila, mpaka kikapoa.

Baada ya kula nikawapeleka stoo. Ndoo kumi na moja kwa jumla, zimepangwa. Nikawaonyesha majina. Nikawaonyesha na ile ya kumi na moja, ya pembeni, yenye kitambaa cheusi. Hiyo ni ya mkwe wa Sayi wa kule Goweko, mkulima wa tumbaku. Kijana kavuna asali nzuri, halafu kaihifadhi ndani ya bani, majani ya tumbaku yanakaushwa humo humo kwa moshi. Asali ikanywa ule moshi wote. Sayi mwenyewe ndiye aliyeniambia: hii usiiuze, chukua nta tu. Watu waaminifu hao. Kitambaa cheusi katika nyumba hii maana yake ni moja tangu enzi za Mabruki: usiguse. Najiat alikijua kabla hajajua kuvaa viatu.

Ijumaa, 26 Julai

Sipendi kusikiliza watu kwa siri, ila uani ni kwangu na masikio ni yangu.

Walikuwa wanaosha chupa mpya. Mimi nimekaa jikoni nachambua mchele. Humaidi anasema hilo somo ni la kulazimishwa tu, mwalimu mwenyewe hajawahi kuuza hata karanga, anasoma slaidi. Kila mtu anajua andiko la biashara linanakiliwa kutoka kwa waliotangulia, unabadilisha jina. Baba yake kamsomesha ili asisimame nyuma ya kaunta kama yeye, sasa chuo kinamrudisha kaunta. Apolinaria akasema yeye angependa, kweli, ana wazo la kusaga mihogo na kuifunga vizuri. Lakini kwao wameuza ng'ombe kwa ada yake, wanangoja binti wa ofisini. Akirudi na mashine ya unga watalia kama msiba.

Wakamuuliza Najiat na wewe je, bibi ana biashara tayari, wewe si umeokota?

Akasema: "Bibi alinisomesha kwa asali ili nisiuze asali."

Wakacheka. Mimi nikaacha kuchambua mchele.

Ningeweza kutoka pale nikamfokea. Lakini maneno hayo ni ya nani? Ni yangu! Kila alipokataa kufungua kitabu: soma, mtoto we, la sivyo utauza asali kama mimi. Kila alipoleta ripoti mbaya: haya, ndoo zinakungoja. Miaka kumi na mbili nimemtishia kwa kazi yangu, kama wengine wanavyowatishia watoto kwa fisi. Leo namtaka amkumbatie fisi.

Mchele ulikuwa na mawe mengi. Nimeyatupa kwa hasira, na mchele mwingine nao umekwenda.

Jumapili, 28 Julai

Tumegombana. Wanataka kuchanganya.

Najiat kaniletea karatasi zenye mistari na rangi. Anasema mwalimu anataka ladha moja. Mteja akinunua chupa leo na nyingine mwezi ujao, akute ile ile. Nikamwambia nyuki hawakwenda chuo, hawajui ladha moja. Mwaka huu mtundu umechanua vizuri, mwakani unakataa. Humaidi kaingilia, kwa adabu lakini, anasema Bibi, hii inaitwa kukuza biashara. Nikamuuliza baba yako anachanganya saruji na unga ili duka likue? Apolinaria kacheka mpaka kamwaga maji.

Najiat hakucheka. Akanitazama kama anayeomba. Akasema Bibi, ni kwa ajili ya maksi tu, baadaye ufanye utakavyo.

Baadaye nifanye. Mimi. Peke yangu na ulimi wa mbao.

Nikakubali. Naandika humu ili nisijidanganye: nilikubali mimi. Nikawaambia ndoo tatu tu, zote za Sayi, za msimu mmoja. Nilifikiri akishaona watu wanavyoinunua ataipenda. Nilifikiri mtu huingizwa kwenye kazi kama anavyoingizwa mtoto majini, kwa mguu mmoja kwanza. Miaka sabini na moja na bado najidanganya kama msichana aliyeahidiwa ndoa.

Jumanne, 30 Julai

Leo ilikuwa kliniki. Nimetoka alfajiri kwenda Kitete, foleni mpaka saa saba. Presha iko juu. Nesi kaniuliza nyumbani kuna nini, nikamwambia kuna wasomi.

Narudi – stoo tupu! Pipa la plastiki limejaa mpaka shingoni, Humaidi analikoroga kwa mwiko wa pilau. Ndoo zimeoshwa, zimefunikwa kifudifudi juani. Sikuhesabu. Nilizitazama tu nikajua hizo si tatu.

Najiat kasema Bibi usikasirike, chupa tulizonunua ni nyingi, ndoo tatu hazikutosha. Tumechanganya zote. Nikauliza kwa sauti ndogo, maana kubwa ingenipasua kifua: na ile ya kitambaa?

"Ile tumeiweka kando, Bibi."

Iko wapi? Kwa Humaidi, kasema, ndani ya gari, isituzibie nafasi. Sikwenda kuangalia gari. Kwa nini sikwenda? Miguu ilikuwa imechoka. Hapana – andika kweli, Tunu. Sikwenda kwa sababu nilimwamini, na kwa sababu niliogopa kutomwamini.

Halafu wakaniletea kijiko. Wote watatu wamesimama mbele yangu. Humaidi na simu yake ananipiga video, anasema Bibi onja useme neno kwa wateja. Nikaonja.

Utamu. Utamu mtupu, kama sauti inayotoka chumba cha pili.

Nikamtazama Najiat. Alikuwa ananikodolea macho, mikono ameifumbata, kama mtu anayengoja hukumu. Nikafikiri mtoto anangoja sifa zangu. Nikasema: "Nzuri. Hii ni asali ya nyumba hii."

Humaidi kashangilia. Najiat katazama chini.

Alhamisi, 1 Agosti

Chupa zimebandikwa karatasi. Imeandikwa Dhahabu ya Unyanyembe, na maneno mengine ya Kizungu. Jina langu halipo, majina ya wavunaji hayapo. Picha yangu ipo! Mtandio umekaa upande, jino moja linaonekana. Nikauliza mbona mmeweka uso bila jina, kama mwizi aliyebandikwa polisi. Humaidi anasema uso wa bibi unauza.

Haya. Uso wangu umeajiriwa kabla ya wao.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Kumejaa watu kutoka Kigoma mpaka Nzega. Vumbi la Ipuli limeniingia mpaka kwenye kitabu hiki.

Meza yao ilikuwa na kitambaa cha njano na maua ya plastiki. Watu kibao. Wanaona sura yangu kwenye chupa, wananiona mimi nimekaa pembeni, wanasema kumbe ni asali ya Bi Tunu, basi nipe tatu. Kuna mama mmoja wa Lusu, huko Nzega, kasema alikuwa ananunua kwangu tangu mumewe anafanya kazi reli. Alichukua tano. Kila aliyechukua alichukua kwa sababu yangu. Nilijaa kifua kama kuku dume. Yule Tunu wa asubuhi, anajivuna na ulimi umekufa, anastahili kibao.

Mwalimu wao kafika saa tano. Mtu mpole, suti imembana. Akaangalia karatasi, akaangalia lebo, akauliza maswali ya soko. Nikampa kijiko. Akasema samahani mama, nina sukari. Basi asali ikapewa maksi na mtu ambaye hakuionja, baada ya kusifiwa na mtu asiyeweza kuionja. Wamekuwa wa kwanza darasa zima. Wamepewa cheti.

Nilimtafuta Najiat nimkumbatie. Nikamkuta nyuma ya banda, amechuchumaa. Nikamuuliza unaumwa? Akasema jua tu, Bibi.

Jumamosi, 10 Agosti

Fakhria kaja baada ya Adhuhuri. Hakubisha hodi kwa kuimba kama kawaida yake. Kaingia, kakaa, katoa chupa mbili kwenye mkoba, kaziweka mezani kifudifudi, uso wangu umelala kwenye meza.

Miaka thelathini huyu ananunua asali yangu kupeleka Maskati kwa ndugu zake. Kule kuna mzee wao haendi kulala bila kijiko cha asali ya Tunu. Akasema polepole, kwa kuwa ananipenda:

"Tunu, hii inanuka bani. Siwezi kuituma."

Nikamwambia haiwezekani. Akafungua, akaniwekea puani. Ulimi umekufa lakini pua haijafa yote – nikivuta sana napata. Nikavuta. Moshi. Tumbaku ya Goweko, pale pale, kama mtu amevuta msokoto ndani ya chupa.

Nilimpikia chai nikasahau kuweka majani, akanywa maji ya moto na maziwa kimya kimya. Huyo ndiye rafiki.

Alipoondoka nikaenda nyuma ya nyumba. Ndoo zilizooshwa bado zimepangwa. Nikahesabu. Kumi na moja zote.

Jumapili, 11 Agosti

Humaidi kasafiri jana na cheti kakipiga picha. Nilimpigia. Kasema Bibi, mzigo umeshauzika, somo limeisha, watu watasahau. Nikamwambia mwanangu, watu husahau uso wa mwalimu, hawasahau asali iliyowaharibia uji. Akasema mtandao unakatika. Haukukatika, niliisikia redio ya gari.

Apolinaria alikuwa bado hajaondoka, anangoja basi la kesho. Alikuja jikoni akapiga magoti, safari hii sikumwambia inuka. Akasema yeye ndiye aliyemimina ile ndoo. Aliuliza kwanza kitambaa ni cha nini. Najiat akamjibu: "Cha Bibi tu, na mambo yake." Akakifungua, akakitundika kambani.

Cha Bibi tu. Na mambo yake.

Yule mtoto wa watu analia, mimi ndiye wa kumbembeleza! Nikampa kanga ajifute. Nikamwambia vaa viatu, tunatoka.

Tumezunguka mtaa kwa mtaa, mimi na mtoto wa Kasulu na mkokoteni wa kukodi. Hodi. Asalamu alaykum. Ile asali ya Nane Nane nirudishie, imeharibika, kosa ni letu. Wengine wamerudisha na kuniombea. Wengine wamesema hata hawajafungua. Mmoja, simtaji hata humu, kasema sasa mmejifunza ujasiriamali wa kisasa. Yule mama wa Lusu simjui hata kwake ni wapi. Zile tano zinatembea na uso wangu hadi Nzega.

Apolinaria alibeba zile nzito zote. Njiani akaniuliza uyoga naukaushaje, kivulini au juani. Hakuwa anauliza kwa maksi. Laiti huyu ndiye angekuwa na ule ulimi.

Najiat hakuja. Alikuwa na simu ya muhimu.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimemkabili. Tumekaa uani, pipa lile lililorudishiwa asali katikati yetu, inzi wanaimba.

Nilikusudia kupiga kelele. Nikajikuta naongea kama naumwa. Nikamuuliza: uliionja kabla yangu? Akafukuza inzi pipani. Nikamwambia Najiat, ninakuuliza kama mtu mzima.

"Niliionja."

"Ukajua?"

"Nilijua kabla haijafika kooni."

Nilihisi jua limeniangukia kichwani. Nikamuuliza basi kwa nini, mwanangu, kwa nini, ulikuwa unajua na ukaniletea kijiko na video. Ndipo akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Kitambaa nilikipuuza, nilipoonja nikaogopa. Nilikuletea wewe useme ni mbaya. Nilijua utaitema. Ningesema mimi, wangesema naharibu kazi ya kundi, tungerudia somo. Ungesema wewe, ningekuwa nimepona. Nilingoja useme, Bibi. Ukasema nzuri."

Mikono ile iliyofumbata. Hakungoja sifa. Alikuwa ananingoja nimwokoe.

Ningeweza kusema nilikosea. Ningeweza kusema ulinidanganya kuhusu gari. Vyote ni kweli. Nikasema lile ambalo sijamwambia mtu ila daktari: ulimi wangu umekufa. Sijaonja kitu tangu mfungo. Mchuzi unaousifu nausema kwa kubahatisha chumvi. Asali ya Sayi nilibahatisha, nikakosea.

Akauliza mbona hukuniambia. Nikamwambia nilikuwa nangoja uipende kwanza, nisikufunge kwa huruma. Akacheka kicheko kibaya. Akasema kumbe tulikuwa tunangojeana.

Kisha akaniambia ile simu. Amepata nafasi ya kujitolea Dodoma, ofisini. Mshahara? Hakuna, ni kujitolea. Kazi gani? Kupokea barua, kuzipanga. Basi lake ni Alhamisi asubuhi. Nikamwambia barua unaweza kupanga hapa, nina daftari. Hakucheka. Akasema Bibi, nimesoma miaka kumi na sita, nirudi niwe mtu wa kuonja? Kila mtu atauliza chuo kilinifunza nini. Nikamwambia mimi hakuna chuo kilichonifunza na watu wanauliza asali ya nani. Akasema: "Na sasa wanauliza?"

Ah.

Nikaingia ndani nikaswali Alasiri kabla ya wakati, nikairudia baadaye.

Simchukii. Naandika hapa kwa nguvu, kalamu imetoboa karatasi: simchukii. Mwenye kumpa mtoto mabawa ya woga ni mimi. Lakini nina uchungu, na uchungu wangu hauna pa kukaa.

Jumatano, 14 Agosti

Sayi amekuja. Sikumtegemea mpaka wiki ijayo. Nimesikia kengele ya baiskeli mlangoni, na sauti yake, mwangaluka, mwangaluka, salamu yake ya asubuhi, kama anayeamsha mji. Ndoo mbili, moja mbele, moja nyuma. Ametoka msituni, nguo zina moshi wa kufukizia nyuki, si ule wa tumbaku – moshi mwingine kabisa, safi, hata pua yangu hii imeutambua.

Amesikia. Mji huu habari inatembea kuliko baiskeli. Kaulizia presha yangu, kaulizia mvua, kasema mkwe wake wa Goweko amejengewa kibanda cha asali mbali na bani, amekoma. Akasema hizi mbili ni za miti yake mwenyewe, bado hajamuuzia mtu, amezileta hapa kwanza. Baada ya yote yale! Nikaona aibu nikamwambia kaa ule.

Nimempa ugali na mlenda na samaki. Anakula uani sasa hivi. Ndoo zimewekwa kivulini, vifuniko havijafunguliwa. Zinangoja. Akimaliza atanawa, atafungua, ataniwekea, atangoja nitaje mti. Ndivyo ilivyo. Hatuanzi kuongea biashara mpaka mti utajwe.

Sitabahatisha tena. Hilo nimeliapa.

Najiat yuko chumbani anapanga begi, basi ni kesho. Nilisimama nje ya mlango wake dakika nzima nikitafuta maneno matamu. Mimi sina maneno matamu. Nikamwambia kupitia pazia: Sayi yuko uani, ana ndoo mbili, mimi sizionji. Nitamwambia ulimi wangu umekufa, aende akatafute mnunuzi mwingine. Au awepo mtu wa kuonja. Sikuombi. Nakuarifu tu.

Hakujibu. Lakini ile zipu ya begi ilikuwa inakwenda, inarudi, inakwenda. Sasa imenyamaza.

Nimekuja huku kuandika ili nisirudi mlangoni kwake. Nasikia Sayi anasema alhamdulillahi kwa heshima ya nyumba hii, ingawa yeye ni Mkristo. Nasikia maji ya kunawa. Nasikia kifuniko cha kwanza kinabanduka. Kuna mlango umelia, sijui ni wa jikoni au wa chumba chake, milango yote ya Mabruki inalia sauti moja.

Natoka.

Tunu, ukilifungua tena daftari hili usianze kwa kujitetea, wala usianze na presha. Anza na jina la aliyeonja. Kama ni yeye, andika jina lake na mti alioutaja, uache hapo hapo, usiongeze mapambo. Kama ni wewe uliyebahatisha, andika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa, ujisome mwenyewe.